Dawa za Usingizi Zisizohitaji Cheti cha Daktari: Namna ya Kuzitumia kwa Siku Chache Bila Kujidhuru

Msiba, mtihani, deni, kazi mpya, mgonjwa ndani ya nyumba, safari ndefu ya ndege: lolote kati ya haya linaweza kumfukuzia mtu usingizi kwa siku kadhaa. Anajigeuza kitandani, anasikia kila sauti ya usiku, alfajiri inamkuta macho makavu bila kupata hata lepe. Siku ya tatu au ya nne anaingia duka la dawa na kuomba kitu cha kumsaidia alale. Anapewa vidonge, anameza, analala. Kufikia hapo sina ugomvi na mtu. Wasiwasi wangu ni wiki ya tatu, boksi la pili linapokaribia kuisha, kidonge kimoja hakitoshi tena na mtu anaogopa kupanda kitandani bila dawa.

Kwa hiyo ukibaki na jambo moja tu kutoka katika mwongozo huu, liwe hili: panga siku ya kuacha kabla hujameza kidonge cha kwanza. Chukua kalamu, uiandike tarehe hiyo juu ya boksi lenyewe. Ushauri wangu ni siku tatu, na usivuke wiki moja. Boksi nyingi zitakuambia usizidishe wiki mbili bila kumwona daktari. Ichukulie hiyo kuwa ndiyo mwisho kabisa wa ruhusa, usiipangie kuifikia.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni la muda mfupi

Wataalamu wa usingizi huliita tatizo sugu likijirudia angalau siku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Chini ya hapo ni la muda mfupi, na mara nyingi lina sababu unayoweza kuinyooshea kidole. Kama sababu iko wazi, anza nayo.

Tazama unachokunywa. Kafeini hukaa mwilini kuliko wengi wanavyodhani: kwa mtu mzima wa kawaida, karibu nusu ya kafeini uliyokunywa saa kumi jioni bado inazunguka kwenye damu saa tatu usiku. Tazama pia dawa unazotumia. Prednisoloni, dawa za kuzibua pua zenye sudoefedrini, efavirenzi na dolutegraviri kwa wanaotumia ARV, na baadhi ya dawa za sonona zinaweza kuvuruga usingizi. Dawa ya kupunguza maji mwilini ikimezwa jioni itakuamsha usiku kwenda haja ndogo. Pengine kubadilisha saa ya kumeza kunatosha kumaliza tatizo, lakini usibadilishe wala usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kabla ya kumuuliza aliyekuandikia.

Kuna hali tatu ambazo zikikuhusu, usipite duka la dawa, nenda moja kwa moja kwa daktari. Ya kwanza ni kukoroma sana huku pumzi ikikatika na kurudi kwa mshtuko, na mchana unasinzia popote unapokaa. Mara nyingi anayejua habari hii ni unayelala naye, basi muulize. Ya pili ni huzuni isiyoondoka, kukata tamaa, au mawazo ya kujidhuru. Kama ndiko uliko, usiweke vidonge karibu na kitanda chako. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, akupeleke kwa mhudumu wa afya. Ya tatu huwachanganya watu: unalala muda mfupi sana kwa siku kadhaa lakini huchoki, una nguvu kupita kiasi, maneno yanakutoka mfululizo na mawazo yanakimbizana. Hilo si tatizo la kukosa usingizi wa kawaida, na kidonge cha dukani hakitalitibu.

Hatua ya 2: Jipime kama unaruhusiwa kuzimeza

Nianze na wazee, kwa sababu hao ndio wanaoumizwa zaidi na ndio wanaopewa vidonge hivi kwa moyo wa huruma kabisa. Dawa nyingi za usingizi za dukani, ambazo kwa asili ni dawa za zamani za mzio, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kwa kumbukumbu, na ambayo kibofu na utumbo huihitaji ili vifanye kazi yake. Mwili wa mzee huchelewa kuiondoa dawa. Matokeo yake ni haya: bibi wa miaka 75 anameza kidonge saa nne usiku, saa tisa anaamka kwenda msalani, kichwa kizito, miguu haimtii, anaanguka na kuvunjika nyonga. Au asubuhi anaamka hajui leo ni siku gani, anawaita watoto wake kwa majina yasiyo yao, na familia inadhani uzee umemfika kichwani. Orodha ya Beers, inayotunzwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, inataja dawa hizi miongoni mwa zile ambazo watu wa miaka 65 na kuendelea waziepuke. Kama mzazi wako hapati usingizi, mpeleke akapimwe maumivu, mkojo wa mara kwa mara, moyo na dawa anazotumia. Usimnunulie boksi.

Wengine wanaopaswa kumuuliza daktari au mfamasia kwanza ni wenye tezi dume iliyovimba, kwa sababu mkojo unaweza kukwama kabisa, wenye glaukoma, yaani presha ya macho, wenye pumu au ugonjwa sugu wa mapafu, wenye kifafa, wenye ini bovu au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile. Anayenyonyesha akumbuke kwamba dawa inaweza kupita kwenye maziwa na kumsinzisha mtoto, na yeye mwenyewe akilala usingizi mzito na mtoto kando yake, hatari ni kubwa.

Watoto usiwape. Kwa baadhi yao dawa hizi hufanya kinyume: badala ya kulala, wanachachawa na kuhangaika usiku kucha. Dozi ikizidi zinaweza kuua. Kumpa mtoto dawa ya mafua au mzio ili tu alale ni hatari, hata kama jirani alishafanya na mtoto wake akaamka salama.

Hatua ya 3: Geuza boksi, usome nyuma

Upande wa mbele wa boksi una mwezi, nyota na ahadi. Ukweli uko nyuma, kwa maandishi madogo, kwenye mstari unaotaja viambato na kiasi chake kwa miligramu. Ukiusoma huo utagundua kwamba rundo lote la majina ya kibiashara lililojaa kwenye rafu ni dawa chache tu zilizovaa nguo tofauti.

Zinazoongoza ni difenhidramini na doksilamini, na katika nchi kadhaa promethazini. Kwenye boksi utaziona kwa tahajia ya kimataifa: diphenhydramine, doxylamine, promethazine. Zote ni dawa za zamani za mzio. Histamini, ile ile inayosababisha kuwashwa na kupiga chafya, ndani ya ubongo ina kazi ya kutuweka macho. Dawa hizi hupenya hadi kwenye ubongo na kuizuia, ndipo mtu anaposinzia. Yaani kusinzia kulikuwa athari ya pembeni ya dawa ya mzio, ikageuzwa kuwa biashara.

Tena huzoeleka upesi mno. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wanaume wenye afya njema walipewa difenhidramini miligramu 50 mara mbili kwa siku. Siku ya kwanza walisinzia sana. Kufikia siku ya nne hawakuwa na tofauti na siku walizopewa kidonge kisicho na dawa. Ndiyo sababu nasema siku tatu. Anayeongeza dozi siku ya tano anaongeza midomo mikavu, choo kigumu na kichwa kizito, huku usingizi wenyewe ukiwa haurudi.

Klofeniramini, kidonge cha mzio kinachojulikana kila mahali, pia hutumiwa na watu wengi kama dawa ya kulalia. Hakikutengenezwa kwa kazi hiyo, na hukaa mwilini muda mrefu hata kukufuata kesho yake mchana. Kiache kwenye kazi yake ya mzio.

Melatonini ni jambo jingine. Ni homoni ambayo mwili huitengeneza wenyewe giza linapoingia, kuuambia ubongo kwamba usiku umefika. Haimwangushi mtu, inasogeza saa ya mwili. Kwa hiyo inamfaa zaidi aliyevuka majira ya saa kwa ndege, hasa akielekea mashariki, au ambaye usingizi wake umehamia alfajiri, kuliko yule anayekeshwa na mawazo. Katika nchi nyingine, Uingereza ikiwemo, huuzwa kwa cheti cha daktari tu. Marekani huuzwa kama kirutubisho, bila ukaguzi ule wanaofanyiwa watengenezaji wa dawa. Hapo ndipo penye shida: mwaka 2017 watafiti nchini Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini, wakakuta kiasi kilichomo kinatofautiana na kilichoandikwa, kuanzia pungufu kwa asilimia 83 hadi zaidi kwa asilimia 478. Ukinunua, tafuta iliyothibitishwa na maabara huru, na anza na kiasi kidogo.

Mitishamba kama valeriani ina ushahidi dhaifu. Kava ikae mbali nawe kabisa, imeshahusishwa na kuharibika kwa ini. Neno «asili» kwenye kibandiko halimaanishi kwamba ini lako limesamehewa.

Hatua ya 4: Toa nje kila dawa unayotumia, uzipange mezani

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayopeleka wengi hospitali. Kusanya kila kitu: vidonge vya presha, dawa ya mafua, sirapu ya kikohozi, dawa ya maumivu, hata krimu ya kuwashwa. Soma viambato vya kila kimoja. Ukiona difenhidramini kwenye sirapu ya kikohozi na difenhidramini kwenye kidonge cha usingizi, hizo ni dozi mbili za dawa moja. Usizichanganye.

Kuna mtego mwingine kwenye vidonge vya «usiku» vinavyounganisha dawa ya maumivu na ya usingizi. Fanya hesabu hii nami. Kidonge cha aina hiyo mara nyingi kina parasetamoli miligramu 500 na difenhidramini miligramu 25, na maelekezo ni kumeza viwili. Mtu aliyekuwa na homa au maumivu ya mgongo kutwa nzima ameshameza vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500, yaani gramu 4, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima katika saa 24. Akiongeza viwili vya usiku amefika gramu 5, na hajui. Ini ndilo linalolipa. Kama huna maumivu, usinunue dawa ya mchanganyiko. Nunua yenye kiambato kimoja tu cha usingizi.

Pombe usiiguse siku unayomeza dawa hizi. Hata bila dawa, pombe hukulaza mapema kisha hukuamsha usiku wa manane. Ikikutana na dawa ya kusinzisha, pumzi na fahamu huwa hatarini. Vivyo hivyo tramadoli, kodeini, diazepamu na jamii zake, baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili. Melatonini nayo ina wapinzani wake: warfarini, fluvoksamini na dawa za kifafa ni baadhi. Ukiona huna uhakika, zipige picha dawa zote hapo mezani, umwonyeshe mfamasia simu yako. Swali liwe hili: «Hii ninayotaka kununua inagombana na ipi kati ya hizi?»

Hatua ya 5: Chagua siku, kiasi na saa

Usianze siku ambayo kesho yake una safari ya alfajiri, mtihani au kazi ya mashine. Mara ya kwanza iwe siku ambayo kesho huna haraka, na kuna mtu mzima mwingine ndani ya nyumba.

Hakikisha mbele yako una muda wa saa 7 hadi 8 za kitandani. Kama ni saa tisa usiku na hujalala, umechelewa. Kidonge cha saa tisa kitakulaza mchana. Meza nusu saa hivi kabla ya kulala, kwa maji. Kwa difenhidramini dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 50 mara moja tu kwa usiku, lakini anza na 25. Kwa doksilamini ni miligramu 25, nayo unaweza kuanza na nusu ya kidonge kama kina mstari wa kukigawa katikati. Boksi lako likitaja kiasi kidogo zaidi, lifuate boksi. Melatonini anza na nusu miligramu au moja, saa moja au mbili kabla ya kulala, na miligramu 3 zinatosha wengi. Kuzidisha hakuleti usingizi mzito zaidi. Dawa ya maji ipime kwa kikombe chake chenye alama, achana na kijiko cha jikoni.

Ukishameza, maliza mambo ya simu na upande kitandani. Usibaki sebuleni ukiisubiri dawa ikuangushe. Na ukiamka katikati ya usiku, usimeze cha pili. Nasisitiza hili kwa sababu saa nane usiku, gizani, mtu mwenye mang'amung'amu anaweza kumeza mara mbili na asubuhi asikumbuke. Toa kidonge kimoja, boksi lirudishe kabatini mahali pa juu wasipofika watoto.

Hatua ya 6: Asubuhi, usijiamini haraka

Doksilamini huchukua takriban saa 10 kupungua kwa nusu mwilini, difenhidramini karibu saa 9. Kwa hesabu hiyo, aliyemeza saa nne usiku, saa moja asubuhi bado anatembea na karibu nusu ya dawa. Na hisia zako haziaminiki. Mwaka 2000 huko Marekani, madereva walijaribiwa kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji baada ya kumeza difenhidramini miligramu 50. Waliendesha vibaya kuliko walipokunywa pombe ya kufikia asilimia 0.1 kwenye damu, na jinsi walivyojisikia kusinzia haikutabiri jinsi walivyoendesha. Mtu anaweza kusema «niko sawa» na kumbe hayuko sawa. Usiendeshe gari wala pikipiki, usipande ngazi ya kazi, mpaka uone dawa hii inakuachaje asubuhi.

Midomo kukauka kidogo au kichwa kuwa kizito ni kawaida. Mkojo kukataa kutoka, macho kuuma na kuona ukungu, kuchanganyikiwa, au mapigo kwenda mbio: acha dawa na utafute huduma. Kama mtu amemeza vidonge vingi, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, usisubiri dalili. Mboni zilizotanuka, ngozi nyekundu iliyo kavu na moto, kuona vitu visivyokuwepo na degedege ni ishara kwamba hali imeshakuwa mbaya. Usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na boksi ili waone amemeza nini na kiasi gani.

Hatua ya 7: Zitumie hizo siku tatu kurekebisha usiku wako

Dawa inakununulia siku chache za nafuu. Zikipita bure, siku ya nne utakuwa pale pale.

Lenye nguvu kuliko yote ni saa ya kuamka. Chagua moja, kwa mfano saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uamke saa hiyo kila siku hata kama ulilala vibaya, hata siku ya mapumziko, na utoke nje upate mwanga. Saa ya kulala itajipanga yenyewe. Mchana, kama huna budi kusinzia, usizidishe nusu saa na usivuke saa tisa alasiri.

Kitanda kiwe cha kulala na tendo la ndoa, basi. Ukiona zimepita kama dakika 20 hivi huna usingizi, inuka, nenda chumba kingine au kaa kwenye kiti, fanya kitu kisichochangamsha kwenye mwanga hafifu, urudi macho yanapolegea. Usingizi usipokuja, inuka tena. Mbinu hii ilielezwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972 na bado inafundishwa. Geuza saa itazame ukutani. Kuhesabu dakika zilizobaki kabla ya alfajiri ndiko kunakomtia mtu hofu na kumwamsha kabisa. Na kama ni mawazo yanayokukesha, yaandike kwenye karatasi jioni mapema, kila wazo na hatua moja utakayochukua kesho, kabla hujakaribia kitanda.

Hatua ya 8: Tarehe ikifika, acha

Siku uliyoiandika kwenye boksi ikifika, usimeze. Hata kama dawa inakusaidia. Usiku wa kwanza bila kidonge huenda ukawa mgumu, na mwenye kukosa subira atasema, «Unaona, siwezi bila dawa.» Upe mwili siku mbili tatu. Vidonge vilivyobaki virudishe duka la dawa kama wanapokea, usivigawe kwa jirani na usiviweke kwa ajili ya mara nyingine.

Kama ulishavuka mwezi ukitumia kila siku, punguza taratibu: nusu ya dozi kwa wiki moja, kisha siku moja umeze siku moja uruke, huku mfamasia au daktari akijua unachofanya.

Usingizi usiporudi baada ya wiki mbili, mwone daktari, wala usimwombe dawa kali zaidi kama jambo la kwanza. Kwa kukosa usingizi kulikokuwa sugu, Chuo cha Madaktari wa Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza kwa watu wazima wote iwe ya kisaikolojia, ile inayorekebisha mwenendo na fikra kuhusu usingizi. Mwaka uliofuata, chuo cha tiba ya usingizi cha nchi hiyo hiyo kilishauri difenhidramini, melatonini na valeriani zisitumike kwa tatizo hilo sugu.

Nenda na karatasi. Kwa wiki nzima kabla ya miadi, kila asubuhi andika saa uliyopanda kitandani, muda unaokadiria ulichukua kupata usingizi, mara ulizoamka, saa uliyoamka kabisa, kafeini na pombe ulizokunywa jana yake, na kila dawa uliyomeza pamoja na kiasi chake, zikiwemo zile za dukani ambazo watu huona aibu kuzitaja.